Daftari la Vipimo

Babu yangu alikuwa fundi cherehani mjini Tanga. Alishonea barazani kwake, na kila mteja aliyempima aliandikwa kwenye daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Bega, kifua, kiuno, mkono, urefu. Alipofariki, mama alinipa madaftari manne yaliyonusurika na mchwa. La kwanza ni la 1994, la mwisho linaishia 2011.

Ukiyafungua kwa mfuatano unaona kitu ambacho sisi tuliokaa naye hatukukiona. Mwaka 1994 tarakimu zake ni pana, na mkia wa 9 unashuka mpaka mstari wa chini. Mwaka 2004 maandishi yameanza kusongamana. Kufikia 2008 neno "kifua" linaanza na herufi ya kawaida na kuishia na herufi ndogo kama punje ya ulezi, na kuna kurasa huwezi kuzisoma bila kuinua daftari kwenye mwanga. Nyumbani tulisema Babu amekuwa bahili wa karatasi. Tulimtania, naye akacheka.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Ajabu yake ni kwamba ulitetemeka akiwa amekaa bure, umelala pajani. Akishika mkasi, unatulia. Kwa macho yetu hilo lilikuwa ushahidi dhidi yake, maana mtu mgonjwa kweli, tulidhani, angetetemeka zaidi akiwa kazini. Kufunga vifungo vya shati kukawa kazi ya robo saa. Akifika mlangoni alikwama ghafla, nyayo zimegandia sakafuni, mwili umeinama mbele kama mtu anayesukuma gari. Jirani mmoja alisema ni uzee, mwingine akasema waziwazi kuwa kuna mkono wa mtu. Zahanati tuliyokwenda kwanza ilimpa vitamini. Bibi, ambaye alikuwa ameishi naye zaidi ya miaka arobaini na hakuwa mtu wa kumung'unya maneno, alimwambia siku moja akiwa amekwama hivyo, "Unafanya makusudi wewe."

"Nataka kwenda," Babu akamjibu. "Miguu ndiyo haijasikia."

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Sentensi ile ikawa kichekesho cha familia. Mtu akichelewa kuamka tunasema miguu haijasikia. Ilinichukua miaka kadhaa na maktaba ya chuo kujua kwamba Babu alikuwa ameeleza, kwa maneno matano, jambo ambalo wanasayansi walilizunguka kwa karibu miaka arobaini.

Neno dopamini leo halihitaji kutambulishwa. Liko kwenye video fupi na kwenye mafunzo ya nidhamu yanayouzwa mtandaoni. Tunaambiwa simu "inatupa dopamini", kama vile ni soda, na kuna vijana wanaofunga dopamini kama watu wanavyofunga Ramadhani. Mimi pia nililijua hivyo nilipoingia chuo: kemikali ya raha. Ndiyo maana nilishtuka mhadhiri aliposema kwamba ugonjwa wa Parkinson unatokana na kufa kwa seli zinazotengeneza dopamini. Babu hakupungukiwa na raha kiasi hicho. Mpaka mwisho aliniita mke wake mdogo mbele ya Bibi, na Bibi akaniambia, haya, mke mwenzangu, njoo umfunge vifungo mumeo. Kilichopungua kilikuwa kitu kingine, na nilitaka kujua ni nini. Nikaenda na swali ambalo nilidhani jibu lake litakuwa aya moja: dopamini ikifika kwenye seli moja ya ubongo, inaifanya nini?

Dopamini ilitengenezwa maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1910, London, na George Barger na James Ewens. Kwa karibu nusu karne hakuna aliyeipa heshima. Ilipoonekana mwilini ilichukuliwa kuwa hatua tu ya njiani katika kutengeneza noradrenalini, kama unga ulivyo hatua ya njiani kuelekea mkate. Mama yake dopamini, yaani kemikali ambayo mwili huibadilisha kuwa dopamini, huitwa L-DOPA. Mwaka 1913 Markus Guggenheim, mkemia wa kampuni ya Roche kule Basel, aliitoa kwenye maharage mapana ya Ulaya. Akataka kujua kama ina madhara, na kwa kuwa zama zile zilikuwa hivyo, akameza gramu 2.5 yeye mwenyewe. Akatapika vibaya.

Mwaka 1937 watafiti wa India waliipata L-DOPA hiyohiyo kwenye mbegu za mmea uitwao Mucuna pruriens. Msomaji aliyekulia kijijini anaujua mmea huo kwa jina la upupu, na anaujua kwa ngozi yake. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu maktabani. Nyuma ya shule yetu ya msingi upupu ulikuwa umetambaa juu ya ua, na adhabu ya kuparamia ua ule haikuhitaji mwalimu.

Mtu aliyeipa dopamini heshima yake ni Arvid Carlsson, wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi. Wakati huo kulikuwa na dawa mpya iitwayo reseripini, iliyotolewa kwenye mzizi wa mmea ambao waganga wa India walikuwa wameutumia kwa karne nyingi. Hospitalini ilitumika kushusha shinikizo la damu na kutuliza wagonjwa wa akili. Sungura akipewa reseripini huganda. Masikio yanaanguka, macho yako wazi, ukimweka mahali anakaa mahali hapo. Mwaka 1957 Carlsson na wenzake, Margit Lindqvist na Tor Magnusson, waliwachoma sindano ya DOPA wanyama walioganda hivyo. Muda mfupi baadaye wanyama wale walikuwa wameamka na wanatembea. Walipopima ubongo, noradrenalini haikuwa imerudi. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba kilichorudi ni dopamini. Unga ulikuwa na kazi yake mbali na mkate.

Hata hivyo, Carlsson alipokwenda London mwaka 1960 kwenye mkutano wa wakubwa wa fani, hawakumkubali. Wengi waliona vigumu kuamini kwamba kemikali za aina hii zinabeba ujumbe ndani ya ubongo. Mwaka huohuo, huko Vienna, Oleh Hornykiewicz na Herbert Ehringer walikuwa wanasaga vipande vya ubongo wa marehemu. Njia yao ya kupima ilitumia ayodini, na penye dopamini maji yalikuwa yanageuka rangi ya waridi. Sampuli za watu waliokufa bila Parkinson zikageuka. Sampuli za wagonjwa wa Parkinson, kwenye sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo striatamu, karibu hazikubadilika. Hornykiewicz alisimulia baadaye kwamba aliuona upungufu huo kwa macho yake kabla ya kuupima kwa mashine. Mwaka 1961 Walther Birkmayer akawachoma wagonjwa L-DOPA, na watu waliokuwa wamelazwa, wasioweza hata kuketi, wakasimama na kutembea kwa saa chache. Mwaka 1967 George Cotzias, Marekani, akaonyesha kwamba ukianza na dozi ndogo ya kumeza na kuipandisha polepole, nafuu inadumu. Miaka hamsini na minne baada ya Guggenheim kutapika, ile dawa ikawa dawa.

Hapo ndipo masimulizi mengi huishia: kemikali imepungua, kemikali imerudishwa, mgonjwa ametembea. Lakini swali langu lilikuwa bado mezani. Kujua kwamba gari halina mafuta hakukuambii mafuta yanafanya nini ndani ya injini.

Kwanza, seli yenyewe. Ubongo wa mtu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Zinazotengeneza dopamini kwa ajili ya striatamu ni laki chache tu. Upande wa pili, ndani ya striatamu, ziko seli zinazoipokea, zenye matawi yaliyojaa miiba midogo. Kila moja inasikilizwa maneno na maelfu ya miunganiko kutoka gamba la ubongo. Nia ya kunyanyuka, picha ya mlango, sauti ya mtu anayeita, vyote vinafika pale kama mishtuko midogo ya umeme. Seli ile ni ngumu kushawishika. Ikiwa imepumzika, umeme wa ndani yake uko karibu milivolti 80 chini ya sifuri, mbali na kiwango cha kufyatua jibu. Sauti moja haiamshi kitu. Zikija nyingi kwa pamoja, seli hupanda mpaka karibu na kizingiti, hubaki pale kwa muda mfupi, na hapo ndipo huweza kufyatua. Kisha hushuka tena.

Katika miaka ya sitini ilipatikana njia ya kuzungumza na seli kama hiyo ikiwa peke yake. Unavuta mabomba ya kioo mpaka ncha zinakuwa nyembamba kuliko unywele, unayaunganisha, moja linasikiliza umeme wa seli, mengine yana kemikali. Ukipitisha mkondo mdogo wa umeme, molekuli za dopamini zinasukumwa nje tone dogo mno, mlangoni mwa seli. Floyd Bloom, Erminio Costa na Gian Carlo Salmoiraghi walifanya hivyo kwa paka na kuchapisha mwaka 1965. Seli nyingi zilipunguza kasi. Baadhi ziliongeza. Na dawa ya usingizi aliyopewa paka ilibadilisha majibu. Mwaka 1967 Hugh McLennan na mwenzake York, huko Kanada, wakaona kitu kinachofanana na hicho, yaani dopamini mara nyingi inatuliza. Hivyo ikaandikwa: dopamini ni mtulizaji. Mwaka 1976 Stephen Kitai na wenzake wakapima ndani ya seli badala ya nje yake, wakaona njia ya dopamini ikiisukuma seli juu. Hivyo ikaandikwa: dopamini ni msisimuaji.

Nilizisoma makala hizo kwa mfululizo, wiki nzima, na nilijisikia kama nimekaa kwenye baraza la kusuluhisha ndoa. Kila upande unaleta ushahidi wake, kila ushahidi ni wa kweli, na ukimsikiliza anayezungumza sasa hivi unaona ameonewa. Nilichukua muda kuona kwamba tatizo halikuwa mashahidi. Lilikuwa swali waliloulizwa.

Swali hilo, inasisimua au inatuliza, lilirithiwa kutoka kwa kemikali za haraka za ubongo. Glutamati ikifika inafungua mlango, seli inasukumwa juu, na yote yanakwisha ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. GABA inafanya kinyume chake. Kwa hizo, swali linajibika. Dopamini haifungui mlango wowote moja kwa moja. Mwaka 1972 John Kebabian, Gary Petzold na Paul Greengard walionyesha kwamba dopamini ikigusa kipokezi chake kwenye striatamu ya panya, ndani ya seli inaanza kutengenezwa kemikali nyingine, AMP ya mzunguko. Hiyo nayo inaamsha vimeng'enya, na vimeng'enya vinabandika fosfeti kwenye protini za seli, zikiwemo zile protini zinazofanya kazi ya milango ya umeme. Ni kazi ya sekunde na dakika. Milango ile haifunguliwi wala haifungwi na dopamini. Inarekebishwa, ili siku itakapobishwa hodi na kitu kingine, ifunguke kwa urahisi zaidi au kwa ugumu zaidi. Greengard na Carlsson walipewa Nobel pamoja mwaka 2000, na Eric Kandel alikuwa wa tatu.

Halafu vipokezi vikawa viwili. Mwaka 1979 Kebabian na Donald Calne walivitenganisha wakaviita D1 na D2: kimoja kinaongeza ile kemikali ya ndani, kingine hakiiongezi. Mwaka 1990 Charles Gerfen na wenzake wakaonyesha kwamba kwenye striatamu vipokezi hivi kwa kiasi kikubwa viko kwenye makundi mawili tofauti ya seli. Zenye D1 zinapeleka ujumbe kwa njia fupi, inayoachilia mwendo. Zenye D2 zinapeleka kwa njia ndefu, inayozuia. Ungedhani kesi imekwisha: dopamini inasisimua hizi na kutuliza zile. Vitabu vingi vya shahada ya kwanza bado vinasema hivyo, na kwa mtihani inatosha.

Lakini waliopima seli zenye D1 kwenye vipande vya ubongo walikuwa wakiona mara nyingi dopamini inazituliza. Waliopima mnyama mzima waliona mara hivi, mara vile.

Makala iliyonifanya nisimame kutoka kwenye kiti ni ya 1997. Ilitoka Mexico City, Chuo Kikuu cha UNAM, kwa Salvador Hernández-López, José Bargas, Elvira Galarraga na wenzao, akiwemo James Surmeier wa Marekani. Jaribio lenyewe halina mbwembwe. Una kipande cha ubongo wa panya na elektrodi iliyo ndani ya seli moja. Unaisukuma seli kwa mkondo na kuhesabu mara inazofyatua. Unaongeza dawa inayoamsha D1, unaisukuma tena vilevile, unahesabu tena. Walichofanya tofauti na wengine ni kuishika seli kwanza kwenye hali mbili. Ikiwa imeshikwa chini, karibu milivolti 80 chini ya sifuri, dawa ilipunguza majibu yake. Ikiwa imeshikwa juu, karibu 55 chini ya sifuri, mahali inapokuwa imeshasikia sauti nyingi na iko karibu na kizingiti, dawa ileile iliongeza majibu na kuyarefusha.

Seli ni ya aina moja, kipokezi ni kimoja, na dawa ni moja. Kilichoamua ni hali seli iliyokuwamo dopamini ilipoikuta.

Sababu waliipata pia, angalau ya ile hali ya juu. Kuna milango ya kalsiamu inayoanza kufunguka pale tu seli ilipokwisha kupanda. Dopamini, kupitia D1, inaifanya milango hiyo ipitishe kalsiamu zaidi, na kalsiamu inaishikilia seli juu. Ukiwa chini, milango imefungwa, na kuirekebisha hakuna maana. Kwa hiyo kwenye seli hizi dopamini inafanya mambo mawili kwa mkono mmoja: mnong'ono dhaifu unazidi kupuuzwa, na wito mkubwa unajibiwa kwa nguvu. Miaka mitatu baadaye kundi hilohilo lilionyesha kwamba D2, kwenye seli zake, inapunguza mkondo wa milango ya kalsiamu ya aina hiyohiyo, na seli za njia ya kuzuia zinajibu kwa unyonge. Ondoa dopamini na geuza yote hayo. Seli za kuachilia mwendo zinapokea wito na kuuacha ufifie. Seli za kuzuia zinaitika kila sauti.

Cherehani ya Babu ilikuwa na kiskrubu kidogo cha kukazia uzi, pembeni, juu ya sindano. Nilipokuwa mdogo nilikizungusha nikidhani ni cha kuwashia, na nikapigwa kofi jepesi la kichwa. Kiskrubu kile hakishoni. Ukikizungusha siku nzima hakuna kinachotembea. Lakini mguu ukikanyaga na gurudumu likizunguka, ni chenyewe kinachoamua uzi utakavyoitika mvuto: kikilegea, mshono unakuwa vitanzi, kikikazwa mno, uzi unakatika. Sijaona mfano bora zaidi kwenye kitabu chochote. Hata ile sehemu ya kukaza mno inalingana. Kwenye gamba la mbele la ubongo wa nyani, Patricia Goldman-Rakic wa Yale na waliomfuata waligundua kwamba kichocheo cha D1 kikiwa cha kiasi, seli inayoshikilia kumbukumbu ya muda mfupi inajibu jambo lake na kuacha mengine. Kikizidi, hata jambo lake haijibu. Wanaozungumzia dopamini kana kwamba ni akiba ya benki, kwamba kadiri ilivyo nyingi ndivyo ulivyo tajiri, wangefaa wakae nusu saa na cherehani.

Kuna siku moja ninayoikumbuka kuliko zote za ugonjwa wake. Harusi ilikuwa inapita mtaani, na matarumbeta mbele. Babu alikuwa amekwama kizingitini tangu Bibi alipomaliza kuosha vyombo. Ngoma ilipokaribia nilimwona akiinua kichwa. Kisha mguu wa kushoto ukatoka, ukafuata wa kulia, akavuka kizingiti, akashuka ngazi mbili, akaenda na mdundo mpaka kwenye mwembe wa jirani. Hatua kamili, mikono inapunga. Matarumbeta yalipopinda kona alisimama palepale, na ikabidi wajomba wawili wamrudishe.

"Kumbe unaweza!" Bibi alisema, na safari hii hakuwa anatania. Hakuzungumza naye mpaka jioni.

Madaktari wanalijua jambo hili na wameliandika sana: mgonjwa wa Parkinson asiyeweza kuanza hatua kwa nia yake mwenyewe anaweza kutembea akisikia mdundo, au akichorewa mistari sakafuni. Wito wa kutoka nje, wenye nguvu na mpangilio, mara nyingine unapita mahali ambapo nia ya ndani inafifia. Maelezo kamili yanahusu njia nyingi za ubongo, si striatamu peke yake. Ila ningetoa mengi ili mtu angekuwepo barazani siku ile wa kumwambia Bibi hivyo. Sisi tulikuwa na swali letu, anaweza au hawezi, na kila siku Babu alitupa ushahidi wa pande zote mbili.

Mwaka 2011 mama alimpeleka hospitali kubwa zaidi. Daktari kijana alimwomba aandike sentensi moja na achore mviringo kama konokono. Babu akaandika, na mwandiko ukafifia ukielekea ukingoni. Mama akasema, kama mtu anayeomba radhi, kwamba mzee amezoea kuandika hivyo, hata madaftari yake ya kazi yako hivyo. Daktari akauliza kama yapo. Lilikuwemo moja kwenye mkoba, kwa sababu Babu hakwenda popote bila daftari. Daktari alilifungua kutoka nyuma kwenda mbele, ukurasa kwa ukurasa, kimya, kisha akasema ugonjwa huu una miaka saba au zaidi. Babu, ambaye alikuwa amesikia uzee, uchawi na makusudi, alimuuliza unaitwaje. Akamwomba alirudie jina, akaliandika.

Baadaye nilisoma utafiti wa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika idadi ya watu zaidi ya 160,000, wakakuta wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Nilifikiria vizingiti 33, na ni nani aliyesimama nyuma ya kila mmoja akisema nini.

Duka la dawa la mtaani halikuwa na levodopa. Ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, kwenye bahasha ya kaki, vidonge vya mwezi mmoja, na bei yake ilimfanya mjomba anyamaze. (Kuna waliojaribu mbegu za upupu zilizochomwa na kusagwa badala ya vidonge. Mwaka 2017 zilijaribiwa kisayansi kwa wagonjwa 18 huko Bolivia na zikaonyesha nguvu. Sisi hatukujua, na singemshauri mtu ajipimie mwenyewe dozi kwa kijiko.) Dozi ilianza ndogo, ikapanda kila wiki. Haikuwa muujiza wa sungura. Ilikuwa kwamba asubuhi moja alifunga vifungo vyote kabla chai haijapoa, na Bibi akaenda jikoni na kukaa huko muda mrefu bila kupika chochote.

Kwa wakati ule kidonge kilimpa kama saa tatu nzuri, na alizijua kwa dakika. Alizigawa: kuswali, kukata kitambaa, kumsalimia nani. Mwezi wa Novemba nilikwenda likizo. Nilipomwamkia hakuitikia marahaba kwanza. Alisema nisimame wima, ana saa yake hapa, anataka kunishonea gauni la mahafali ambayo sikuwa hata nimefika karibu nayo. Akanizungusha na futi kamba, akaguna kwamba nimekonda, akaketi na kuandika.

Ukurasa huo ndio wa mwisho wenye mwandiko wake. Juu kuna jina langu, na mkia wa herufi ya mwisho unashuka mpaka mstari wa chini. Bega 14½. Kifua 33. Kiuno 26. Baada ya hapo kuna nafasi, kwa sababu Bibi alituita kula na tukakawia mezani. Mkono na urefu vimeandikwa chini, vidogo, na sijafanikiwa kusoma urefu ni inchi ngapi.